Aliyeshika Oda

SAA MOJA ASUBUHI

Shangazi alichora mpango kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya kitambaa cheusi kilichotandazwa mezani kikisubiri kuwa suruali ya mtu.

"Geti hili. Mizani hii. Ghala hili," alisema. "Lori linaingia huku, linatoka huku huku. Hakuna bunduki. Hakuna kukimbia. Atakayekimbia, nitamkamata mimi kabla ya polisi."

Hakuna aliyecheka. Mbele ya duka, upande wa pili wa pazia, vyerehani vilinguruma kama siku zote. Mafundi wa mbele walilipwa kwa kushona, na walilipwa zaidi kidogo kwa kutosikia.

Chumba cha nyuma kilikuwa na watu wanne. Shangazi, mwenye duka na mwenye genge, mama wa makamo ambaye hata siku ya kazi ya namna hii hakuvua tepu ya kupimia shingoni. Dada, dereva wa malori, mwanamke wa maneno machache na mikono iliyokomaa kwa usukani. Mume wa Dada, ambaye wote walimwita Shemeji. Na Fundi, mdogo wake Dada, mtengenezaji wa simu na kompyuta kwenye kibanda cha pembeni. Shangazi aliwalea yeye na dada yake tangu Fundi hajui kufunga kamba za viatu.

Mali ilikuwa nyaya za shaba, lori zima, kwenye ghala la ng'ambo ya barabara kuu. Ukisimama kwenye dirisha dogo la chumba kile ulikuwa unaliona geti lake. Walinzi wa pale hawakuwa wajinga, lakini waliamini kitu kimoja tu: kompyuta. Lori likitaka kutoka, mlinzi anaandika namba yake. Kompyuta inaiuliza hifadhidata ya ghala. Ikijibiwa kwamba oda ipo na ruhusa ipo, chuma cha geti kinainuka na mlinzi anakupungia mkono. Ikijibiwa hapana, hata uje na barua ya waziri, hutoki.

Na genge lilikuwa limepata njia ya kuandika ndani ya hifadhidata hiyo.

"Mkwe, sema," Shangazi alisema.

Shemeji alisogeza kompyuta yake. "Oda niliiingiza jana. Wapakiaji wanaiona, watapakia bila swali. Imebaki ruhusa ya kutoka. Hiyo nitaiweka lori likishafika getini, si kabla. Ofisini kwao kuna mama anazipitia ruhusa zote zilizotolewa, moja moja. Tukiiweka mapema ataikuta imekaa na atauliza ya nani. Lori likitoka, nafuta kila kitu. Itakuwa kama hatukuwahi kuja."

"Na ikigoma?" Fundi aliuliza.

"Haitagoma, shem. Kila kitu kinapita mlango mmoja."

Mlango mmoja. Fundi alikuwa ameshiba maneno hayo mpaka kooni.

Kwa maana programu ya kwanza ilikuwa ya kwake. Aliijenga kwa miezi, akitoka kibandani jioni kwenda darasani na akitoka darasani kuja kuandika alichojifunza. Kila ukurasa wa programu yake ulifungua muunganisho wake wenyewe kwenda kwenye seva. Kila faili lilibeba jina na nywila ya karani wa upakiaji, yule aliyewauzia njia ya kuingia. Ilikuwa nzito, lakini ilitembea. Ikatembea mpaka siku ya majaribio, karani alipobadilisha nywila. Fundi akaibadilisha kila mahali, akasahau faili moja. Oda ikaingia ghalani bila idadi ya mzigo, nusu mtu nusu kivuli, na Shangazi akasitisha kazi.

Ndipo Dada aliposema, kwa nia njema kabisa, "Mume wangu anayajua haya mambo."

Shemeji alikuja, akasoma, akauliza, "Nani kaandika hii?" kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa paa linalovuja. Hakusubiri jibu. Akajenga upya. Faili moja tu ndilo lililojua kuongea na seva. Humo ndani aliifungua mara moja ile maktaba ya programu inayoshughulika na hifadhidata, akaipa nywila mara moja, basi. Kurasa nyingine zote zilipiga hodi kwenye faili hilo na kuomba kwa jina: ingizaOda, toaRuhusa, futaNyayo. Tena akatafuta akaunti mpya, ya karani wa uhasibu.

"Ile ya zamani tuiache ilale," alisema siku ile. "Akaunti mbili zikigusa kazi moja, siku ya siku hatutajua nani kashika nini."

Shangazi hakujua msimbo wa programu, lakini alijua utaratibu. "Ni kama mimi na mkasi wangu," alisema. "Kila mtu akikata kitambaa, hakuna nguo." Kisha akamwekea Shemeji mkono begani. "Umefanya vizuri, mwanangu."

Mwanangu. Fundi alilisikia neno lile maisha yake yote na siku zote alidhani lina mwenyewe. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kwanza yule bwana alimchukua dada yake, Fundi akanyamaza. Akachukua programu yake, Fundi akanyamaza. Sasa alikuwa anachukua na mahali pake kwa Shangazi, na wote walitabasamu, na yeye alitakiwa atabasamu pia. Akitoka hapo, angebaki nani? Mtu wa kubadilisha vioo vya simu.

SAA TATU

Alimsindikiza Dada mpaka kwenye lori. Dada alizunguka akigonga matairi kwa mguu, kama anavyowagonga wanaume wanaojifanya wamelala.

"Umenuna," alisema bila kumtazama.

"Sijanuna."

"Umenuna tangu siku ya harusi yangu, mdogo wangu. Nilidhani ni kiatu kinabana."

"Mumeo ananiita shem mbele za watu halafu kazi yangu anaifagia kama takataka."

"Aliifagia kwa sababu ilikuwa inavuja. Ingekuwa kazi ya mwingine ungekuwa umeshacheka." Akapanda, akafunga mlango, akateremsha kioo. "Sikiliza. Pale getini mambo yakienda kombo, nitakupigia wewe. Simpigii yeye."

"Kwa nini mimi?"

"Yeye huanza kufikiri. Wewe unatenda."

Angelisikia neno hilo kwa masikio ya siku nyingine, lingemponya. Siku hiyo alilisikia kama pipi anayopewa mtoto aliyenyang'anywa mpira. Alipiga ubavu wa lori mara mbili, na Dada akaondoka.

SAA NNE NA NUSU

Lori lilikuwa limeshaingia. Kupitia dirishani Fundi aliona mgongo wake wa bluu ukipotea nyuma ya ghala.

Shemeji alikaa mezani na kompyuta yake, akitumia mtandao wa duka. Shangazi alikaa ubavuni mwake. Walikuwa wameegemeana kidogo, kama watu wanaosoma kitu kimoja. Fundi alikuwa kwenye kona, kwenye kiti cha wateja wanaosubiri kupimwa, na kompyuta yake mapajani.

Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Hiyo nayo ilimuuma.

Alikuwa ameiunganisha kompyuta yake na simu yake ya mfukoni, ili asionekane kwenye mtandao wa duka. Alifungua programu yake ya zamani. Nywila ya karani wa upakiaji ilikuwa bado inakubali. Alipiga hodi kivyake, pembeni ya mlango wa Shemeji, na seva ikamkaribisha.

Hakutaka kuharibu kazi. Tuseme ukweli wake kama ulivyokuwa: hakutaka Dada aguswe hata unywele. Alichotaka ni dakika moja tu. Kuna namna ya kuishika oda ndani ya hifadhidata kama mtu anayetaka kuibadilisha, halafu usimalize. Hifadhidata, kwa uaminifu wake, huizuia mikono mingine yote mpaka wewe umalize au ughairi. Huvunji kitu. Unashika tu. Shemeji ataita toaRuhusa, toaRuhusa itaganda. Atatoka jasho mbele ya Shangazi. Kisha Fundi atainuka taratibu, ataghairi huku, atagusa kule, na kusema "nipishe kidogo, shem." Na kitu kitafunguka. Na Shangazi atajua ni nani aliyeujenga msingi wa nyumba hii.

Alijaribu kuomba, kama alivyolelewa kuomba kabla ya jambo lolote. Maneno yalikataa. Alijua anachotaka kuomba, na alijua hakiombeki.

Akaandika mstari mmoja. Akaishika oda.

SAA TANO KASORO DAKIKA TANO

"Anakuja," Shangazi alisema dirishani.

Mgongo wa bluu ulitokeza, mzito sasa, ukainama kidogo kwenye mizani, ukasogea hadi getini. Mlinzi alitoka kibandani kwake na karatasi.

"Weka," Shangazi alisema, akarudi mezani na kuegemeza mkono kando ya kompyuta ya Shemeji.

Shemeji aligonga kitufe.

Hakuna kilichotokea. Alama ndogo kwenye skrini ikaanza kuzunguka, ikazunguka, ikazunguka.

"Nini?"

"Inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Sijui bado, mama."

Mama. Hata hapo alimwita mama. Fundi alitazama jasho likichomoza juu ya mdomo wa shemeji yake, na Mungu amsamehe, alifurahi. Furaha ndogo, chungu. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Bado kidogo. Aone kwanza mkono wa Shangazi ukitoka kando ya Shemeji.

Ukatoka. Shangazi aliusogeza mkono, akamtazama Shemeji kwa jicho analomtazamia mtu aliyekosea kipimo cha kiuno.

Sasa, Fundi alijiambia. Akapeleka vidole kwenye kompyuta kughairi.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake.

Ilikuwa Dada, kama alivyoahidi. Na ile simu yake ilikuwa ya zamani. Ikiingia sauti, intaneti inakatika. Simu haiwezi mambo mawili kwa pamoja. Fundi mwenyewe alikuwa akiwaambia wateja kila siku kwamba simu za aina hiyo hazifai tena. Skrini yake ikaandika kwa herufi nyekundu: muunganisho umepotea.

Aliikata ile simu. Intaneti ikarudi. Aligonga kughairi, lakini kile alichokuwa anakighairi hakikuwa mkononi mwake tena. Muunganisho ulikuwa umekufa upande wake, na upande wa pili seva ilikuwa haijapata habari za msiba. Iliendelea kushika oda kwa niaba ya marehemu, kwa uaminifu ule ule, na ingeendelea mpaka ichoke yenyewe.

Ilimbidi aingie upya na kuuvunja muunganisho ule. Alianza kuandika nywila. Simu ikatetemeka. Intaneti ikakatika. Akaikata simu. Akaanza tena. Ikatetemeka. Kila Dada alipomwita, mlango ulifungwa usoni pake.

"Kuna mtu kashika oda yetu," Shemeji alisema.

Vyerehani vya mbele, ilionekana, vilipungua.

"Mtu gani?"

"Naiona akaunti. Ya karani wa upakiaji." Shemeji alisogea karibu na skrini. "Siwezi kuivunja. Ya uhasibu haina ruhusa ya kumgusa mwingine. Ila yeye mwenyewe aingie ajivunje."

"Karani wa upakiaji yuko likizo," Shangazi alisema polepole. "Alinipigia juzi."

"Basi si yeye."

"Basi nani?"

Shemeji aligeuza kichwa, akamtazama Fundi kwenye kona, kompyuta mapajani, simu ikitetemeka kwenye kiganja. Macho yake hayakuwa na hasira. Fundi angeipenda hasira. Hasira angejua pa kuiweka.

"Shem," Shemeji alisema. "Ni mke wangu huyo anayepiga?"

Fundi aliangalia chini. Kulikuwa na njia ya haraka: asimame, aende pale mezani, aingize nywila ya zamani kwenye mtandao wa duka, mbele yao, aivunje. Hatua chache. Lakini hatua hizo zilikuwa zinapita mbele ya uso wa Shangazi, na mwishoni mwake asingekuwa tena mtoto wa mtu. Alikaa. Wale wanaosema wivu ni moto hawajaujua. Ulikuwa baridi.

Simu ikatetemeka tena, ikaacha.

Safari hii haikurudia. Na ukimya wake ndio uliomwinua.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi nimeishika. Nipisheni."

Shemeji alimpisha, akamshikia hata kiti. Fundi aliandika. Nywila. Jina. Akautafuta muunganisho wake mfu katika orodha, akauvunja. Mara hiyo hiyo ile alama kwenye skrini ya Shemeji iliacha kuzunguka, na neno likatokea: imekubaliwa.

Wote watatu walikimbilia dirishani.

Ng'ambo ya barabara, chuma cha geti kiliinuka, taratibu, kama kilivyotakiwa kuinuka tangu mwanzo. Lakini lori halikusogea. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya bampa, na kando yake mwanamke mwenye miwani na karatasi mkononi, akitazama chuma kile kikipanda chenyewe. Mlinzi alikuwa amechoka kusubiri, akamwita kutoka ofisini. Ruhusa ilikuwa imezaliwa mbele ya macho ya mtu pekee ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza imezaliwa na nani.

Dada akapiga. Fundi akapokea, akaweka sauti.

"Mama, zima injini," sauti ya mlinzi ilisikika kwa mbali. "Teremka taratibu."

"Nateremka, usiguse mlango wangu," Dada alimjibu huyo mtu. Kisha karibu, chini chini: "Mdogo wangu, nilikuwa nakupigia. Hukupokea. Umesalimika lakini? Nilidhani wamekuvamia huko."

Simu ikakatika.

SAA TANO NA ROBO

"Futa," Shangazi alisema. Alikuwa ameshaanza kukunja kitambaa cheusi, chaki ikimwagika sakafuni. "Mkwe, futa kila kitu, tutoke."

Shemeji alikuwa anavaa koti. "Hapana, mama."

"Nimesema futa. Nyayo zinakuja mpaka hapa."

"Nikifuta, hana oda. Ameingia ghalani na kubeba mali bila karatasi yoyote, ni mwizi. Oda ikibaki, yeye ni dereva wa kukodi, ametumwa na mtu aliyeghushi." Alifunga zipu. "Na huyo mtu yupo. Programu yote nimeandika mimi. Hata jina langu nililiacha juu ya faili, kwa upumbavu wa majivuno."

"Watakufunga miaka."

"Najua."

"Na mimi je? Na duka?"

"Mama, wewe una dakika za kutosha. Ondoka na mafundi wako." Alimtazama Fundi mara moja. Fundi alijiandaa kwa tusi, kwa kofi. "Ile nywila ya zamani, shem," Shemeji alisema, "usiwaambie uliitumia. Atakayehesabiwa kosa awe mmoja."

Akapita pazia, akaenda.

Shangazi alisimama na kitambaa kifuani. Alikuwa amezeeka ndani ya asubuhi moja. Alionyesha kompyuta kwa kidevu.

"Unajua kufuta," alisema. "Futa wewe." Hakumwita kwa jina lolote.

Fundi aliketi mbele ya ile skrini. Aliliona lile faili moja, safi, lenye majina yanayosomeka na mtoto. futaNyayo. Neno moja tu. Alilitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza alikiri moyoni kwamba ilikuwa kazi nzuri, kwamba hata miaka ishirini ya madarasa ya jioni isingemfikisha hapo, na kukiri huko hakukumpunguzia kitu.

Alitoa mikono yake kwenye meza.

"Sifuti, shangazi."

Shangazi hakubishana. Alisikika akiwaambia mafundi wafunge vyerehani, kisha mlango wa nyuma, kisha hatua zake uchochoroni, za haraka, za mtu asiyemsubiri mwenzake.

Fundi alirudi dirishani. Kule getini Dada alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kibanda cha mlinzi, mikono kichwani, kichwa chini. Na katikati ya barabara kuu, kati ya magari yanayopiga honi, mtu mmoja mwenye koti alikuwa anavuka, viganja vyake vikiwa wazi mbele yake ili kila mlinzi avione.

Fundi alikwishageuka. Alikuwa hata ameshashika kitasa cha mlango. Angekwenda. Anaapa mpaka leo kwamba angekwenda.

Lakini yule alikuwa ameshavuka. Na kitu kile kile kilimuuma pale pale kilipozoea: kwamba Dada akiinua macho, atakayemwona anakuja si mdogo wake.